Kilo zilisimama, mwili ukapungua

Mwezi uliopita, kikao cha MUSO kilipokwisha, mwenzetu mmoja alibaki nyuma wakati sisi wengine tunakunja mikeka. Mkononi alikuwa na kaye ya shule ya mtoto wake. Tangu baba watoto aanze dialize, mama huyu anaandika humo kila kitu: tarehe, pesa ya gari, kilo kabla ya mashine, kilo baada ya mashine. Alinionyesha safu ya mwisho. 68. 68. 68 na nusu. 68. Miezi mitatu hivyo hivyo.

"Dada, si unaona hapungui?" aliniuliza. "Sasa mbona mkanda wa suruali ameutoboa matundu mawili mapya?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimwambia awaulize wauguzi wa mashine, tena aende na mkanda wenyewe. Alikwenda. Aliyorudi nayo ndiyo yamenifanya niandike. Hapa kwetu tumezungumza sana juu ya sukari na tansio, magonjwa mawili yanayoua figo za watu wengi. Lakini mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa, naye bado anakula chungu kimoja na sisi, hatujamzungumzia hata mara moja.

Kwanza tuelewane juu ya dialize. Figo zinatoa uchafu wa damu na maji ya ziada kupitia mkojo. Zikishindwa kabisa, damu inatolewa mwilini kidogo kidogo, inapita katika mashine, inasafishwa, inarudi. Kawaida ni mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, maisha yote, isipokuwa mtu apate figo ya kupandikizwa. Katika nchi zetu wengi wanapata mara mbili, na wengine mara moja tu, kwa sababu ya pesa. Sisi wa Kamanyola mashine hatunayo. Mtu anapanda Bukavu, au anateremka Bujumbura, au anavuka Ruzizi kwenda kutafuta Rwanda. Mvua ikiiharibu barabara ya Ngomo, au mpaka ukifungwa, siku ya mashine inapita bure, na maji yanabaki ndani ya mwili.

Na hayo maji ndiyo yaliyomdanganya mwenzetu na kaye yake.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mgonjwa asiyekojoa tena anakunywa chai, anakula supu, na vyote vinabaki. Akifika kwenye mashine ana kilo 71. Mashine inamtoa maji ya kilo tatu. Anatoka na 68. Ile 68 ndiyo wauguzi wanaita uzito mkavu, yaani uzito wa mtu bila maji ya ziada. Daktari anaupanga, na mashine inafuata anavyopanga. Sasa fikiri mtu huyo ameanza kukonda. Nyama ya mapaja inapungua, ya mabega inapungua. Lakini mashine bado imepangiwa kumwacha kwenye 68. Kilo moja ya nyama ikiondoka, kilo moja ya maji inakaa mahali pake. Mizani haina macho. Inasoma 68 tu. Mwezi wa pili kilo mbili za nyama zimekuwa maji. Mwezi wa tatu, nne. Nyumbani tunashukuru Mungu kwamba "hapungui".

Wamama, jambo hili sisi tunalijua tangu zamani, ila tumelijua kwa watoto. Mimi nimekuwa reko miaka mingi, na reko yeyote wa Kivu anamjua mtoto wa bwaki. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, na bibi yake anakataa kabisa kwamba mtoto ana njaa: "Mtoto huyu mnene hivi?" Unabonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, unahesabu, unatoa kidole, na shimo linabaki. Ndipo unajua kwamba unene ule ni maji, na chini ya maji mtoto ni mifupa. Kule Lwiro, upande wa Kabare, waganga walitibu na kuchunguza bwaki miaka mingi, na jina lenyewe la bwaki linajulikana na kila mama wa Bushi. Mtu mzima wa dialize anaweza kuwa na hali inayofanana na hiyo, ila yeye amevaa suruali na koti, na hakuna anayembonyeza mguu.

Basi turudi kwa mwenzetu. Muuguzi aliyempokea siku ile, kwa maelezo yake, hakwenda kwanza kwenye mizani. Alichukua mkanda, akahesabu matundu. Kisha akamwomba baba avue shati.

Alimtazama usoni, kwenye panja, yaani pale pembeni ya jicho juu ya taya. Kwa mtu aliyeshiba nyama pale pamejaa. Kwake palikuwa na kishimo. Alitazama mfupa wa mbele wa bega, ule unaotokeza kama mpini. Alishika ngozi nyuma ya mkono wa juu kwa vidole viwili kuona kama bado kuna mafuta. Alimwambia abane kidole gumba na cha shahada pamoja, akatazama kile kinundu cha nyama kinachotokea hapo, kilikuwa bapa. Alishika mapaja. Mwisho alibonyeza miguu, na shimo likabaki, ingawa mashine ilikuwa imemaliza kazi yake dakika chache tu kabla. Pamoja na hayo aliuliza maswali: miezi sita iliyopita ulikuwa na kilo ngapi? Unakula nusu ya sahani au yote? Unatapika? Unaharisha? Unaweza kwenda sokoni kwa miguu kama zamani? Usiku unalala bapa au unaweka mito mitatu?

Mwenzetu alishangaa kidogo. "Nilidhani watamtia katika mashine nyingine ya kompyuta," aliniambia. Lakini hicho ni kipimo kamili, na ni kati ya vipimo vinavyoheshimiwa duniani kwa wagonjwa wa dialize. Kilitungwa na madaktari wa Toronto, Kanada, na kuandikwa mwaka 1987. Walitaka kujua kama maswali mazuri na mikono ya mtu mwenye uzoefu vinaweza kumtambua mgonjwa aliyekonda, na waliona kwamba vinaweza. Mgonjwa anapewa A akiwa mzima wa lishe, B akiwa amepungua kiasi, C akiwa amekonda vibaya. Mwaka 2001 wengine walikiongeza kwa ajili ya wagonjwa wa figo hasa: mambo kumi, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla inaishia 30, alama zikipanda, hatari nayo inapanda. Ndani ya yale kumi mna pia damu, na miaka ambayo mtu ameishi kwa mashine.

Baba watoto alipewa B.

Kisha ukaja utepe. Ninyi mnaufahamu ule wa watoto wenye rangi tatu tunaouzungusha kwenye mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni manjano, juu yake ni kijani. Kwa mtu mzima wa dialize utepe ni wa kushonea tu, ule wa fundi wa nguo, na rangi hakuna. Analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Unatafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, unapima katikati, mkono ukining'inia umelegea. Mambo mawili ni ya kushika. Pima baada ya mashine, si kabla, kwa sababu maji yanavimbisha mkono pia. Na usipime mkono wenye fistula. Hapa nisieleweke vibaya: tukisema fistula katika Kivu ya Kusini kila mama anafikiri lile jeraha la uzazi. Hii ni nyingine. Ni mshipa wa mkono ambao daktari ameuunganisha ili upate nguvu ya kupokea sindano za mashine. Ukiuweka sikio unausikia unavuma. Mkono huo haubanwi, haupimwi tansio, haubebeshwi ndoo.

Kuhusu damu nitakwenda taratibu, maana hapa ndipo familia nyingi zinafurahia habari mbaya.

Mtu akiwa kwenye dialize, nyumbani tunajifunza majina mawili: urea na kreatinini. Tunajua yakipanda ni hatari. Basi karatasi ikitoka na urea imeshuka, simu zinapigwa hadi Uvira: ameanza kupona! Lakini urea inatokana na vyakula vya kujenga mwili tunavyokula, yaani nyama, samaki, mayai, maharagi. Mtu asipokula hivyo, urea yake inashuka. Inashuka kwa sababu sahani ni tupu. Kreatinini nayo inatokana na misuli. Mtu ambaye misuli inaisha, kreatinini yake kabla ya mashine inateremka mwezi baada ya mwezi. Mgonjwa wa dialize mwenye kreatinini ndogo sana kabla ya mashine anawatia waganga wasiwasi kuliko yule mwenye kubwa kidogo anayekula vizuri. Kwa hiyo karatasi ikisema imeshuka, usiitishe sherehe. Uliza: imeshuka kwa sababu mashine inasafisha vizuri, au kwa sababu hali chakula?

Kuna jina la tatu ambalo familia hazilijui, albumini. Ni protini ya damu inayotengenezwa na ini. Wataalamu wa figo wa nchi mbalimbali waliokutana na kuandika makubaliano mwaka 2008 walisema albumini chini ya gramu 3.8 kwa desilita ni dalili moja ya kukonda kwa mgonjwa wa figo. Walisema pia kupoteza asilimia 5 ya uzito katika miezi mitatu bila kukusudia, au asilimia 10 katika miezi sita, ni dalili nyingine. Ila albumini ina tabia yake. Inashuka pia mtu akiwa na uambukizo, hata jino bovu au kidonda cha mguu, na inachukua majuma kadhaa kupanda tena. Kwa hiyo haitoshi peke yake. Ndiyo sababu muuguzi mzuri anaangalia damu, na nyama, na sahani, vyote pamoja.

Daktari alipoteremsha uzito mkavu kidogo kidogo, mashine baada ya mashine, tansio ilitulia na baba akaanza kulala bila mito. Alisimama kwenye 64. Piga hesabu: kutoka 68, kilo 4, karibu asilimia 6, katika miezi mitatu. Mwenzetu aliandika 64 katika kaye, akaniambia alilia hapo hapo kwenye benchi. "Nilikuwa ninaandika maji, dada. Miezi mitatu ninaandika maji."

Sasa sahani. Muuguzi alimwuliza mwenzetu swali moja rahisi: jana alikula nini, kuanzia alipoamka? Asubuhi chai ya sukari na kipande cha mkate. Saa sita wali mweupe na shu kidogo. Jioni bugali wa muhogo na lengalenga iliyochemshwa mara mbili. Hakuna samaki, hakuna yai, hakuna maharagi. Ukihesabu protini ya siku nzima haifiki gramu 20. Mtu wa kilo 64 anayefanya dialize anahitaji kama gramu 64 hadi 77 kwa siku, maana kiasi kinachoshauriwa ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili.

Mwenzetu si mchoyo, na samaki wanapita Kamanyola kila siku kutoka Uvira. Alikuwa anatii. Miaka miwili kabla, figo zilipoanza kuchoka, waliambiwa wapunguze nyama, samaki na maharagi ili figo zisichoshwe. Ushauri ule ulikuwa wa kweli kwa wakati ule. Lakini siku mtu anapoanza dialize, ushauri unageuka. Mashine ikisafisha damu haichagui vizuri; pamoja na uchafu inatoa pia chembe zinazojenga protini, kama gramu 6 hadi 12 kila mara. Anachopoteza lazima akirudishe kwa kula. Aliyekatazwa nyama jana, leo anaihitaji kuliko mimi na wewe. Na mara nyingi hakuna anayekaa na mama jikoni kumwambia kwamba amri imebadilika. Karatasi ya zamani inabaki imebandikwa ukutani.

Kisha majirani nao wanaongeza yao. Huyu anasema ndizi ni sumu, yule anasema maharagi yanaua figo, mwingine anasema mayai yanaleta maji. Mama anaogopa, anaondoa kitu kimoja kimoja, hadi unabaki wali. Utafiti mkubwa uliojumlisha tafiti za nchi nyingi na kuchapwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mara nyingi kati ya wagonjwa 28 na 54 katika kila 100 wa dialize wana upungufu huu wa protini na nguvu. Na hao ni pamoja na watu wa nchi tajiri. Sababu si hofu ya jikoni peke yake: uchafu wa damu wenyewe unaondoa hamu ya kula, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, na mtu anayepata mashine mara moja kwa juma hawezi kuwa na hamu ya mtu anayepata mara tatu. Kwa hiyo hamu ikikosekana kabisa, mwambie daktari. Huenda si chakula chako kibaya, huenda mashine haitoshi.

Tuzungumze juu ya chungu chetu. Bugali wa muhogo unashibisha na kutia nguvu, lakini kujenga mwili haujengi. Unga wa muhogo karibu hauna protini. Hilo ndilo lililokuwa likileta bwaki kwa watoto walioachishwa ziwa na kupewa bugali mtupu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha mukeke au cha samaki mwingine chenye ukubwa wa kiganja, bila vidole, kina kama gramu 20, na nyama ya kuku au ya mbuzi ya ukubwa huo haiko mbali. Ndagala zilizokauka zina protini nyingi sana, ni chakula cha maskini chenye nguvu ya tajiri. Lakini kwa mgonjwa wa figo zina shauri lake: tunazila na mifupa, na mifupa ina fosforasi, ambayo ikijaa katika damu inawasha ngozi na kudhoofisha mifupa ya mgonjwa. Ampe kidogo, si kila siku. Siku nyingine samaki mwenye mnofu. Maharagi yana protini na pia potasiamu. Yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, kisha yapike. Mpe upawa mmoja mdogo. Ndizi za kupika, viazi, sombe na lengalenga, dawa yake ni hiyo hiyo: katakata vidogo, chemsha katika maji mengi, maji yamwagwe. Supu ya sombe tamu anayoipenda baba watoto, samahani, ndiyo imebeba potasiamu yote.

Potasiamu si ya kuchezea. Ikipanda sana moyo unasimama, na inaweza kutokea bila onyo, hasa mashine ikiwa imerukwa. Ndizi mbivu, parachichi, juisi ya machungwa na ya maracuja, nyanya nyingi katika mchuzi: hivyo vinahesabiwa na muuguzi kulingana na damu ya mgonjwa wako, si ya mgonjwa wa jirani. Na chumvi ya majivu ambayo bado baadhi yetu tunaitia katika sombe au maharagi ili yaive upesi, iwe mbali na chungu chake kabisa, kwa kuwa majivu yamejaa potasiamu. Chumvi ya kawaida na vile vipande vya Maggi vinaleta kiu. Kiu inaleta maji. Maji yanaficha kukonda. Tangawizi, vitunguu saumu, ndimu kidogo na pilipili vinaweza kuchukua nafasi yake. Nimeonja mchuzi wa mwenzetu wa siku hizi. Ni mzuri kuliko ninavyopika mimi.

Siku ya mashine ndiyo siku ya njaa, na hili aliligundua mwenzetu mwenyewe. Wanaondoka gizani, wanangoja zamu, mashine saa nne, barabara tena, wanafika jioni mtu amechoka hata kufungua mdomo hataki. Mara mbili kwa juma hali chakula cha maana. Sasa anabeba mayai mawili ya kuchemsha na wali katika chombo kilichofungwa. Alipouliza kama anaweza kumpa mgonjwa akiwa kwenye mashine, aliambiwa asimpe, kwa sababu damu inaweza kushuka ghafla. Ampe mara baada ya kushuka kitandani. Pengine wanaruhusu. Uliza unakotibiwa.

Nina neno pia kwa familia ambazo mgonjwa ni mama mwenyewe. Baba akiugua, mama anampakulia. Mama akiugua, bado ni yeye anayepakua, na mnajua sisi tunavyopakua: mnofu kwa baba, mnofu kwa watoto, kwa mama kichwa cha samaki na mchuzi. Mgonjwa wa namna hiyo atakwambia amekula, na kwa kweli amekula, alikula bugali na mchuzi wenye chumvi. Mwenye kumtembelea asiulize "Umekula?" Aulize amekula nini, tena akae hadi sahani iishe. Kwa hali hiyo nadhani binti au wifi mmoja apewe mwiko, hata kama mama atanuna.

Katika kikao kilichofuata tulizungumza juu ya kisanduku chekundu. Wengine walisema kisanduku kile ni cha msiba na uzazi, si cha mayai. Mama mmoja mzee akajibu kwamba sanda inagharimu kuliko trei ya mayai, na hakuna aliyemjibu. Tulikubaliana trei moja kila majuma mawili kwa miezi mitatu, kisha tutazame tena. Na mwenye utepe wa kushonea aupeleke nyumbani kwake siku moja kwa mwezi, jioni ya mashine, apime mkono usio na fistula, aandike.

Kaye ya mwenzetu sasa ina safu sita badala ya nne. Ameongeza mkono, na ameongeza nyingine ambayo ameiita tu "sahani", ambamo anaandika yote, nusu, au hapana. Juma lililopita ilikuwa yote mara nne, nusu mara mbili, hapana mara moja, siku ambayo gari lilikwama Ngomo hadi usiku. Mkono umeongezeka nusu sentimita. Daktari amepandisha uzito mkavu hadi 65, na miguu ukiibonyeza hairudishi shimo. Mkanda umerudi tundu moja nyuma. Lile la pili, amesema, halizibi. Anataka alione kila asubuhi anapovaa.